Dhamira ya kampuni iko kwenye ukurasa wa bonasi

Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye idara ya uhasibu ya kampuni ambayo sitaitaja jina. Kila ulipokaribia mwisho wa mwaka kulikuwa na siku ya kutoa msaada. Hundi ilichapwa kwenye kadibodi, pana kuliko mlango wa ofisi, hata ikabidi ipitishwe kwa ubavu. Mtendaji mkuu aliishika upande mmoja, msimamizi wa kituo cha watoto yatima upande wa pili, wapiga picha wakachuchumaa mbele. Sisi wa uhasibu tuliitwa tuje kupiga makofi.

Siku hiyohiyo, kwenye trei iliyokuwa mezani kwangu, ilikuwepo ankara ya mama mmoja aliyefanya usafi wa majengo yetu kwa mkataba, yeye na vijana wake tisa. Mkataba ulisema alipwe ndani ya siku 30. Ankara ilikuwa na siku 112. Nilishaijua hadi mikunjo yake, maana kila Jumatatu niliitoa, nikaitazama, nikairudisha. Nilipomuuliza bosi wangu, hakukasirika wala hakuona haya. "Huyo hana pa kwenda," alisema. "Mwache asubiri mpaka robo ya mwaka ipite." Fedha ile, ikiwa kwetu, iliitwa ukwasi. Ingefika kwa yule mama ingeitwa mishahara.

Sikuona mtu mbaya pale, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Bosi wangu alipimwa kwa fedha inayobaki benki kila robo inapofungwa. Mtendaji mkuu alipimwa kwa faida. Mtu wa mawasiliano alipimwa kwa idadi ya magazeti yaliyotoa picha ya hundi. Kila mmoja alifanya barabara kazi aliyolipwa kuifanya. Kuheshimu siku 30 haikuwa kazi ya yeyote, na mama wa usafi hakuwa na kiti kwenye kikao chochote. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ndiyo maana kila ninapomsikia kiongozi wa biashara akizungumzia "kuweka uwiano kati ya faida na jamii", akili yangu hurudi kwenye trei ile. Neno uwiano hukufanya uone mizani, kilo huku na kilo kule, na katikati mtu mwenye busara ameshika. Wahenga walikuwa na picha nyingine: fisi aliyefika njia panda, akataka kuzifuata njia zote mbili kwa pamoja, akapasuka msamba. Wakubwa wengi wa biashara wanafanya kama fisi yule, ila katika biashara anayepasuka huwa mtu mwingine.

Mimi siamini kwamba jambo hili linaamuliwa na moyo wa kiongozi, hata moyo huo uwe mwema kiasi gani. Linaamuliwa na makaratasi ambayo hayapigwi picha: nani ana uwezo wa kumfukuza kiongozi huyo, bonasi yake inahesabiwa kwa kipimo gani, na fedha zikipungua, nani anaanza kuumia. Mengine yote ni mapambo ya ripoti ya mwaka.

Tuanze na mtu anayelaumiwa kuliko wote kwenye mjadala huu. Tarehe 13 Septemba 1970, mchumi Milton Friedman aliandika makala kwenye jarida la Jumapili la New York Times, na tangu hapo amekuwa akirushiwa mawe, nadhani mara nyingi na watu ambao hawajaisoma. Hoja yake ilikuwa kwamba mtendaji mkuu ni mwajiriwa wa wenye mali. Akichukua fedha ya kampuni kufanyia mambo ya jamii kupita yale ambayo biashara inayahitaji, anawatoza watu kodi, wawe wanahisa, wateja au wafanyakazi, na hakuna aliyempigia kura awatoze. Kazi yake ni kuongeza faida, lakini kwa kufuata kanuni za msingi za jamii, zile za sheria na zile za maadili yaliyozoeleka. Sehemu hii ya mwisho husahauliwa na pande zote mbili, mashabiki wake kwa sababu inawabana, wapinzani wake kwa sababu inawaharibia hotuba.

Kwa maoni yangu, swali la Friedman lilikuwa zuri kuliko jibu lake. Fedha hii ni ya nani, na nani amekutuma uitumie hivi? Kiongozi yeyote anayetaka kutumikia jamii kwa mali ya wengine lazima awe na jibu. Kasoro ya jibu lake ni kwamba alizichukulia kanuni za mchezo kana kwamba zinaandikwa na refa aliye mbali na uwanja, kumbe wachezaji wakubwa wana wanasheria na washawishi wanaokaa na refa usiku kucha kabla ya mechi. Kampuni inayosema "tunafuata sheria" na hapohapo inalipa watu kuilegeza sheria hiyo haiwezi kujificha nyuma ya Friedman.

Agosti 2019 ilionekana kama zama zake zimekwisha. Business Roundtable, chama cha wakuu wa kampuni kubwa za Marekani, kilitoa tamko lililotiwa saini na watendaji wakuu 181, likisema kampuni ipo kwa ajili ya wadau wake wote: wateja, wafanyakazi, wazabuni, jamii inayoizunguka, na wanahisa pia. Vichwa vya habari vilitangaza mapinduzi. Baadaye watafiti wawili wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard, Lucian Bebchuk na Roberto Tallarita, waliziuliza kampuni hizo swali la kikarani kabisa: uamuzi wa kutia saini uliidhinishwa na nani? Kampuni 48 zilijibu. Ni moja tu iliyosema bodi ya wakurugenzi ndiyo iliyoidhinisha.

Hebu lifikirie hilo. Mtendaji mkuu hawezi kununua kampuni nyingine bila bodi, wala kubadili sera ya gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa. Lakini kubadili sababu ya kampuni kuwepo duniani, hilo alilimaliza mwenyewe kwa kalamu yake. Ama ni udikteta, ama kila mtu mle ndani alijua kwamba hakuna kilichobadilika. Mimi naamini la pili.

Mfano wa zamani unaonyesha mambo yalivyo mtu anapojaribu kweli. Januari 1914 Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, alitangaza kwamba mfanyakazi wa kiwandani kwake angeweza kulipwa dola 5 kwa siku, kiasi kama mara mbili ya alichokuwa akipata, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Hadi leo anasifiwa kwa utu. Hesabu za mwaka uliotangulia zinaeleza zaidi. Mwaka 1913, ili abaki na wafanyakazi kama 14,000, kiwanda kililazimika kuajiri zaidi ya 52,000, kwa sababu watu walikuja, wakaona ile kazi ya mkanda usiosimama, wakaondoka. Dola 5 ziliziba tundu hilo. Tena hazikuja bure: kampuni ilikuwa na idara maalumu iliyopeleka wakaguzi majumbani mwa wafanyakazi kuangalia kama wanakunywa pombe, kama nyumba ni safi, kama wanaweka akiba. Ukishindwa mtihani huo, mgawo wako wa faida ulizuiwa.

Faida na manufaa ya watu vikikutana namna hiyo, hakuna ushujaa wa kusimulia. Ni biashara nzuri, na heri zingekuwa nyingi. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007 kwa msukumo wa karibu pauni milioni 1 za msaada wa serikali ya Uingereza pamoja na fedha za Vodafone wenyewe, ililengwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha, na kampuni ikawasikiliza. Sawa kabisa. Kwangu mtihani ni siku njia zinapoachana.

Kwa Ford ziliachana mwaka 1916. Kampuni ilikuwa imejaa fedha, naye akataka kusitisha magawio maalumu, ashushe bei ya gari kutoka dola 440 hadi 360, na apanue viwanda. John na Horace Dodge, ndugu wawili waliomiliki asilimia 10 ya hisa na waliokuwa wameshaanza kutengeneza magari yao wenyewe, wakamshtaki. Kizimbani Ford alijieleza kama mfadhili: anataka kuajiri watu wengi zaidi na kuwafikishia wengi matunda ya kiwanda. Mwaka 1919 Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan ilimwamuru alipe gawio la takriban dola milioni 19, ikisema kampuni ya biashara huundwa kwanza kwa ajili ya faida ya wanahisa.

Watu huishia hapo wanaposimulia. Wanaacha kwamba mahakama hiyohiyo ilikataa kumzuia asipanue viwanda, ikisema majaji si wataalamu wa biashara. Maana yake, kama Ford angesimama akasema bei ya chini itaongeza wanunuzi na kiwanda kikubwa kitashusha gharama, jambo ambalo lilikuwa kweli, nadhani angeondoka na ushindi mnono zaidi. Kilichomponza ni ulimi. Wanasheria wengi wa kampuni wamejifunza kutoka kwake kuandika kila wema kwa lugha ya faida ya muda mrefu, na matokeo yake ni kwamba siku hizi ukisoma ripoti huwezi kujua wema upi ni wa kweli na upi ni wa kujihami.

Ufaransa walijaribu kulitatua kwa sheria. Mwaka 2019 walipitisha sheria inayoruhusu kampuni kuandika dhamira ya kijamii ndani ya katiba yake. Danone, wauzaji wa maziwa ya mtindi na maji ya chupa, walikuwa wa kwanza miongoni mwa kampuni kubwa zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa. Juni 2020 zaidi ya asilimia 99 ya kura za wanahisa ziliunga mkono. Mtendaji mkuu wao, Emmanuel Faber, aliwaambia wanahisa kwamba wameiangusha sanamu ya Friedman.

Haikupita hata miezi tisa, Machi 2021, bodi ikamwondoa. Wawekezaji wachache, Bluebell Capital na Artisan Partners wakiwa mbele, walilalamika kwamba hisa za Danone zinachechemea huku wapinzani wao wakienda mbio. Wapo waliomfanya Faber kuwa shahidi wa imani. Mimi nasita. Novemba iliyotangulia yeye mwenyewe alikuwa ametangaza mpango ambao ungeondoa hadi nafasi za kazi 2,000, na malalamiko kuhusu uendeshaji wake hayakuwa ya kubuni. Ninachokiona ni karatasi mbili. Ya kwanza, yenye dhamira, ilipigiwa kura mara moja kwa shangwe. Ya pili, inayosema bodi inaweza kumwondoa mtendaji mkuu ikichoshwa na bei ya hisa, haikuguswa na mtu. Ile asilimia 99 ilikuwa kura rahisi kwa sababu haikumnyima mwanahisa silaha yake hata moja.

Paul Polman, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Unilever, watengenezaji wa sabuni na vyakula, alikuwa mjanja zaidi, au pengine alikuwa na bahati zaidi. Alipoingia mwaka 2009 aliacha kutoa ripoti kamili za kila robo mwaka, akisema wazi kwamba hataki wawekezaji wa kuja na kuondoka. Hapo aligusa kitu cha kweli, maana aliyekaribishwa na namba za miezi mitatu atakudai namba za miezi mitatu. Lakini Februari 2017 Kraft Heinz, kampuni ya vyakula ya Marekani, wakabisha hodi na ofa ya kuinunua Unilever kwa dola bilioni 143. Waliiondoa ndani ya siku mbili, na mashabiki wa Polman wakashangilia kwamba dhamira imeshinda. Aprili mwaka huohuo Unilever ikatangaza lengo la kupandisha faida hadi asilimia 20 ya mauzo, kununua tena hisa zake kwa yuro bilioni 5, na kuuza biashara ya majarini. Mwizi hakuingia, lakini samani zilihamishwa. Tukimaliza hadithi yote, Februari 2019 Kraft Heinz, waliokuwa wakisifika kwa kubana matumizi, walifuta dola bilioni 15.4 za thamani kwenye vitabu vyao, kwa hiyo hata ukali wa kubana una bili yake.

Nataka nikae kidogo kwenye mikopo midogo, kwa sababu pale ndipo watu wema walipojeruhi watu wengine bila kubadilika kuwa wabaya. Compartamos ilianza mwaka 1990 nchini Mexico kama shirika lisilo la faida la kuwakopesha wanawake maskini. Hoja ya kuigeuza benki ilikuwa ya haki: misaada haitoshi, soko la mitaji lina fedha zisizoisha, ukileta faida utawafikia mamilioni. Aprili 2007 wenye hisa waliuza asilimia 30 kwenye soko la hisa na kupata takriban dola milioni 450. Riba ya wateja, ukijumlisha kodi, ilikuwa ikikaribia asilimia 100 kwa mwaka. Muhammad Yunus, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla kwa kazi ya Benki ya Grameen ya kuwakopesha maskini nchini Bangladesh, aliipinga hadharani. Nchini India, SKS Microfinance waliingia sokoni Agosti 2010. Miezi miwili haikutimia, serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ikatoa amri ya kuwabana wakopeshaji wote wa aina hiyo, baada ya taarifa za wakopaji kujiua kwa kulemewa na madeni. Marejesho katika jimbo hilo yakaporomoka.

Ukiwauliza walioyajenga mashirika haya, watakuambia dhamira haikubadilika, na nadhani wengi watakuwa wanasema kweli. Kilichobadilika ni mtu wa kumripotia. Mfadhili humuuliza afisa mikopo, "Huyu mama biashara yake inaendeleaje?" Mwanahisa huuliza, "Umefungua vikundi vingapi mwezi huu?" Afisa mikopo ni yuleyule, pikipiki ni ileile, lakini akiulizwa swali la pili kila mwezi kwa miaka mitatu atakuwa mtu mwingine, na mama atapewa mkopo wa nne wa kulipia wa tatu.

Benki kubwa nazo zina yao. Wells Fargo ya Marekani iliwawekea wafanyakazi wa matawi shabaha ya kila mteja kuwa na huduma nane za benki hiyo. Mwaka 2016 ikabainika kwamba zilifunguliwa akaunti zinazokadiriwa kufikia milioni 2 bila idhini ya wenyewe. Ilitozwa dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa katika miaka iliyotangulia. Elfu tano na mia tatu! Ukifukuza watu wengi kiasi hicho kwa kosa lilelile na bado kosa linaendelea, shida haiko kwa waliofukuzwa.

Kuna wanaodhani suluhisho ni kutafuta kampuni zenye "utamaduni mzuri". Merck, kampuni ya dawa ya Marekani, mwaka 1987 ilitangaza kutoa bure dawa ya ivermectin kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika, na imeendelea kuitoa. Ni moja ya mambo mazuri zaidi ambayo kampuni yoyote imewahi kufanya. Kampuni hiyohiyo, mwaka 2004, iliondoa sokoni dawa ya maumivu ya Vioxx kwa sababu ya hatari ya moyo, baada ya miaka ya maonyo, na mwaka 2007 ikakubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza mashtaka. Ivermectin ilishajilipa kwenye soko la mifugo, na wagonjwa wa upofu wa mtoni hawakuwa na fedha ya kununulia. Vioxx ilikuwa ikiingiza kama dola bilioni 2.5 kwa mwaka. Kampuni haina moyo mmoja. Ina maamuzi, na kila uamuzi una bei yake.

Sasa, wapo waliofanikiwa kulifunga jambo hili kwa kamba? Wapo, na karibu wote walianzia kwenye umiliki.

Robert Owen alichukua uongozi wa viwanda vya pamba vya New Lanark, Scotland, mwaka 1800. Aliacha kuajiri watoto chini ya miaka 10, akapunguza saa za kazi, akajenga shule. Pamba ya Marekani ilipokatika kwa sababu ya siasa, alisimamisha mashine kwa miezi minne na akaendelea kuwalipa watu. Wabia wake walichukia kila senti. Owen hakupoteza muda kuwahubiria wawe na huruma. Mwaka 1813 aliwatoa kwenye mnada na kuingiza wabia wapya, wakiwemo mwanafalsafa Jeremy Bentham na William Allen, waliokubali kuanzia mwanzo kwamba hawatachukua zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wao kwa mwaka. Kinachozidi kinarudi kwa watu. Hiyo asilimia 5 ilimaliza mabishano ambayo mahubiri ya miaka kumi yasingeyamaliza.

Ernst Abbe, mwanafizikia wa kampuni ya lenzi ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, alikwenda mbali zaidi. Baada ya Carl Zeiss kufariki, Abbe aliunda wakfu mwaka 1889 na kuukabidhi kampuni. Katiba ya wakfu huo, ya mwaka 1896, iliweka likizo ya malipo, pensheni, na mgawo wa faida kwa wafanyakazi. Kufikia mwaka 1900 siku ya kazi ilikuwa ya saa 8. Kifungu ninachokipenda ni kile kilichosema mkurugenzi wa juu asilipwe zaidi ya mara kumi ya wastani wa mshahara wa mfanyakazi mzoefu. Si "tutajitahidi". Mara kumi, basi. Na mwaka 2022 Yvon Chouinard wa Patagonia, watengenezaji wa nguo za milimani, aliiweka asilimia 2 ya hisa, zile zote zenye kura, chini ya amana ya kulinda dhamira, na asilimia 98 zisizo na kura akazikabidhi kwa shirika la kupigania mazingira. Faida isiyorudishwa kwenye biashara inakwenda huko.

Njia hii nayo ina kasoro, nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Kampuni isiyoweza kununuliwa inaweza pia kuzembea bila mtu wa kuiamsha, na wakfu unaweza kutekwa na wasimamizi wake wakaugeuza kiti cha starehe. Isitoshe Owen, Abbe na Chouinard walikuwa wamiliki. Msomaji mwingi wa makala haya ni mwajiriwa mwenye cheo, au mwenye duka dogo lenye deni benki. Hana wakfu.

Kwake yeye nina machache. Aombe ukurasa wa bonasi, wake na wa walio chini yake, ausome kama mtu wa nje asiyejua hotuba zimesema nini: mtu aliyelipwa hivi atafanya nini siku ya tarehe 30? Kama ukurasa unasema mauzo na fedha taslimu tu, dhamira ya kampuni ni mauzo na fedha taslimu. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza kimoja kinachohesabika na kinachouma. Nimeona ripoti za uendelevu zenye vipimo zaidi ya arobaini na picha za miche ya miti, na kazi ya vipimo arobaini ni kuhakikisha daima kuna kimoja kilichopanda. Kodi, kwa mfano, huwa haimo. Kampuni inayohamishia faida yake kwenye visiwa vya ng'ambo visivyotoza kodi ili isilipie barabara inazozitumia haina haja ya kuchangia madawati.

Halafu apange wakati wa neema nani ataumia kwanza wakati wa dhiki. Gawio kabla ya mishahara? Bonasi za wakubwa kabla ya malipo ya wazabuni? Mpangilio huo upo kila mahali, ila kwa kawaida haujaandikwa, na usipoandikwa huanza na asiye na sauti. Na dhamira inapogharimu fedha, aitaje gharama hiyo mbele ya bodi kwa tarakimu, bila kuipaka sukari ya "faida ya muda mrefu" kama hana hakika nayo. Bodi iliyoambiwa bei na ikakubali kulipa haitamgeuka kirahisi kama bodi iliyoambiwa kwamba wema hauna gharama. Atakataliwa mara nyingine, najua. Angalau atakuwa amejua yuko kwenye kampuni ya namna gani.

Kule kwetu mambo yalibadilika kwa njia ya kawaida mno. Alikuja mkuu mpya wa fedha, mtu asiyependa hotuba. Sijawahi kumsikia akitamka neno jamii. Kwenye fomu ya tathmini ya bosi wangu aliongeza mstari mmoja: wastani wa siku za kuwalipa wazabuni wadogo, robo ya bonasi. Mwezi wa pili bosi wangu, yuleyule aliyeniambia nimwache mama asubiri, alisimama mezani kwangu asubuhi kabla hajavua koti, akaingiza mkono kwenye trei. "Hii ya usafi," aliuliza, "mbona bado iko hapa?"